Tope Tulilolirudisha Barabarani

Neno "kujituma" linanitia kichefuchefu. Nikilisikia redioni, au likitamkwa na mgeni mwenye kitambulisho kifuani, nahisi tope mdomoni, lile tope jekundu la milimani kwetu linaloganda kwenye meno. Zamani halikuwa hivyo. Zamani lilikuwa neno tu, nalipita kama ninavyolipita tangazo la mbolea.

Mimi ni mchambuaji wa pilipili hoho. Nafanya kazi kwenye kituo cha kufungashia mboga, chini kidogo ya Soni, kwenye barabara ya kushukia Mombo. Wageni hudhani mahali penye mboga panapendeza. Waje mchana wa jua baada ya mvua. Nyuma ya kituo kuna shimo la kabichi zilizokataliwa, na maji yake meusi huchuruzika hadi mlangoni mwa choo chetu. Harufu ile inaingia kwenye nywele, unarudi nayo nyumbani, watoto wanakukimbia. Hata hivyo nimeizoea. Kabichi ikioza haijifanyi kitu kingine.

Msimamizi wetu alikuwa mama wa makamo aliyeanza kwa kuosha kreti na kupanda polepole mpaka akapewa ufunguo wa ofisi. Nisimpake mafuta: alikuwa mkali. Alikuwa mbahili wa sabuni. Ukija umefunga kilemba ovyo, anakukaripia mbele ya watu mpaka unatamani ardhi ipasuke. Kompyuta waliyomletea kutoka makao makuu, Dar es Salaam, aliifunika kitambaa cha kufuma kama redio ya marehemu babu.

Lakini mama yangu alipofariki kule Shume, yeye alikuja. Wakubwa wengine wa kazini huja msibani, wakakaa kwenye viti vya plastiki chini ya turubai, wakatoa bahasha, wakaangalia saa. Huyu alipita moja kwa moja uani kwenye mafiga, akaomba kisu, akakaa chini na wanawake kumenya ndizi mpaka vidole vikawa vyeusi kwa utomvu. Mimi sikumwona, nilikuwa ndani nimelala kwenye mkeka. Shangazi yangu ndiye aliyeniuliza baadaye yule mwanamke asiyezungumza alikuwa nani. Niliporudi kazini hakugusia lolote. Asubuhi ile ile alinigombeza kwa sababu ya kilemba.

Tangu hapo, akiniambia nifute meza, nafuta na sakafu. Sikuwa nimekaa chini nikaamua. Karibu kila mtu pale kituoni alikuwa na lake la namna hiyo. Kuna aliyeshikiwa meza yake mwezi mzima wakati mtoto anaumwa, na mshahara ukatoka kamili, na hakuna aliyetangaziwa. Kwa hiyo jioni, kazi ikizidi, tulibaki. Tulibaki huku tunanung'unika, tunamteta yeye na ubahili wake wa sabuni, lakini tulibaki.

Masika ya mwaka ule yalikuja vibaya. Shehena mbili ziliharibika kwa sababu lori lilikwama likishuka, mboga zikalala kwenye joto la Mombo, zikafika mjini zimenyauka. Kosa la lori likageuzwa kuwa kosa lake. Makao makuu walimpigia simu, naye kwa vile alikuwa haisikii vizuri simu yake aliweka sauti kubwa, tukasikia wote. Mkataba wake ulikuwa unakaribia kwisha. Shehena nyingine ikiharibika, sauti ile ilisema kwa upole, wangetafuta mtu mwenye diploma. Akajibu, "Sawa, bosi." Kisha akatugeukia akauliza kwa nini tumesimama.

Alikuwa na wajukuu wawili sekondari. Baba yao ameondoka, mama yao hana kazi. Hilo kila mtu alilijua.

Siku shehena iliyofuata ilipokuwa tayari, mlima ulishuka. Si mlima wote, ni kipande cha shamba la mahindi pamoja na migomba yake kilichokaa katikati ya barabara, kwenye kona iliyo chini yetu. Lori letu lilikuwa limejaa, limesimama upande wa juu. Mvua inanyesha ile ya kukata tamaa. Wenye mitambo ya barabara walisema watafika kesho, na kesho yao tunaijua.

Msimamizi alitoka ofisini amejifunga kanga kiunoni, ameshika jembe la kituo. Akatuambia, "Kazi yenu imeisha. Nendeni nyumbani kabla giza halijaingia." Akaanza kuteremka barabarani peke yake.

Hakutuomba. Nasisitiza hili kwa sababu baadaye waliligeuza. Alitufukuza, na sisi tukamfuata. Dereva akafuata. Mmoja wetu akapiga mbiu kwa viganja kuelekea mabondeni, kama inavyopigwa siku ya msaragambo, siku ambayo kijiji kizima hutoka kuchimba mfereji au kutengeneza njia. Wakulima wakaanza kuteremka na majembe yao begani, wamejifunika mifuko ya salfeti. Mtu akisikia mbiu ya msaragambo haulizi ni kazi ya nani. Anafika, anaona watu wanachimba, anachimba. Atauliza wakati wa kula.

Tulilitoa lile tope. Mikono ilichubuka, nilipoteza kiatu kimoja na sijakiona mpaka leo. Giza lilipoanza, lori likapita likiyumba, tukalisukuma kwa mabega, na lilipozunguka kona likipiga honi hakuna aliyepiga makofi. Mama mmoja mwenye nyumba pale juu akaleta makande kwenye ndoo. Tulikula tumesimama, wafungashaji na wakulima pamoja, vijiko havitoshi. Kwenye msaragambo hakuna hotuba ya shukrani. Ukimshukuru mmoja mmoja ni kama unamwambia ulidhani asingekuja. Tukaenda kulala.

Ningependa iishie hapo. Ila dereva alikuwa amepiga picha kwa simu, akamtumia rafiki yake, picha ikatembea mpaka kwenye meza ya mkurugenzi mjini.

Wiki iliyofuata likaja gari jeupe lenye kiyoyozi. Akashuka afisa rasilimali watu, kijana nadhifu, anaamkia vizuri, shikamoo kwa kila mama, siwezi kumnyima hilo. Nyuma yake mpiga picha na mizigo yake, na boksi la fulana zilizoandikwa TUNATOA ZAIDI. Alisema kampuni imeguswa sana. Alisema tumefanya jambo nje ya majukumu yetu, na kwamba mkurugenzi anataka matawi yote yaige, kwa hiyo itatengenezwa filamu. Alipotamka "kujituma" aliweka mkono kifuani. Niliuangalia ule mkono, safi, kucha zimekatwa, nikaanza kuona kinyaa bila kujua kwa nini.

Nilikuwa naosha kreti kwenye bomba chini ya dirisha la ofisi walipozungumza yeye na msimamizi.

"Mwanangu, tope tumeshalitoa," msimamizi alisema. "Utapiga picha ya nini?"

"Tutarudisha kidogo tu, mama. Pale pembeni limejaa. Tunalisambaza barabarani, mnalitoa kidogo, basi. Nusu saa."

"Barabara ile watu wanapita."

"Tutaweka vijana wa kusimamisha magari, huku na huku."

"Hapana. Hilo siwezi kuwaambia watu wangu."

Yule kijana akashusha sauti, kwa heshima kabisa, akasema mkataba wake uko mezani kwa mkurugenzi, na kwamba filamu hii ingesaidia sana. Hakusema kwa kutisha. Alisema kama mtu anayekupa ushauri wa dawa ya kifua. Ndiyo maana naendelea kuona kinyaa hadi leo, kwa sababu ya ule upole.

Msimamizi akatoka, akapita mbele yetu, akaenda kuhesabia watu kasoro za karoti zao. Mimi nikawaambia wenzangu nilichosikia. Hatukujadiliana sana. Mfungashaji mzee kuliko sote akamfuata kwenye meza ya karoti. "Dada, kwani tope lina nini? Tulilitoa, tutalitoa tena."

"Sijawaomba," alisema.

"Hata siku ile hukutuomba."

Hapo ndipo alipoangalia pembeni. Alijua kwa nini tunafanya. Kitu kile kile kilichotutoa mvuani kumsaidia ndicho kilichotushikisha majembe kwa mara ya pili, kulitoa lile tope mtaroni na kulimwaga katikati ya lami. Afisa alikuwa amekigusa bila hata kukijua, kama mtu anayeingiza mkono kwenye mfuko wa koti la mwenzake akitafuta kiberiti.

Tukavaa fulana juu ya nguo. Tukapewa mabuti mapya yenye kunukia mpira. Mpiga picha akasema tope limekauka, haling'ai, basi likaletwa pipa la maji likamwagiwa. Akatupanga: wembamba mbele, wanene nyuma. Akamwomba msimamizi asimame juu ya kifusi na anyooshe mkono kama anayeelekeza. Yeye ambaye siku ile hakuelekeza mtu, alichimba tu. Alinyoosha mkono. Nilitamani kutema mate, lakini kamera ilikuwa inanitazama.

Tulikuwa tumeshaziba barabara yote kwenye ile kona wakati lilipotokea gari la msiba.

Vijana wa vitambaa vyekundu walikuwa wamesimamisha magari mengine kule chini, na walifanya hivyo vizuri. Lakini pikapu hii ilikuwa na matawi mabichi mbele na taa zimewashwa mchana, na huku kwetu hakuna anayesimamisha gari la msiba. Kijana akashusha kitambaa chake, akavua kofia, likapita. Lilikuwa linatoka hospitali huko bondeni, linapeleka maiti upande wa Vuga. Nyuma kulikuwa na jeneza limefunikwa kitambaa cha kijani, na watu wamekaa kulizunguka. Walikuwa wanawahi kuzika kabla ya alasiri.

Likasimama mbele ya tope letu.

Wakatuona na majembe, tumechafuka. Wakaona kifusi. Wangefikiri nini kingine? Wanaume wakaruka chini, wakavua viatu. Wengine wakaanza kuchimba kwa mikono. Mzee mmoja aliyevaa kanzu alishuka taratibu kutoka kiti cha mbele, akaikunja kanzu yake akaichomeka kiunoni, akanijia mimi niliyekuwa karibu.

"Shikamoo, baba," nilimwambia.

"Marahaba. Poleni na kazi, wanangu. Lete nikupokee kidogo."

Akachukua jembe mikononi mwangu. Akaanza kuchimba. Alikuwa dhaifu, jembe halikuzama, lakini alichimba. Baada ya kila mapigo machache alisimama akatuangalia, akasema "hongea", asante ya Kishambaa, "hongea sana," na kutuombea kwa Mungu kwa sababu tunawafungulia watu njia kwenye mvua za namna hii. Nilisimama mikono mitupu. Nilitaka kumwambia. Ningemwambia nini? Kwamba tope hili tumelimwaga wenyewe muda mfupi uliopita, na maji juu yake ili ling'ae? Mama mmoja kule juu ya pikapu, ameshika jeneza lisiteleze, akaniambia yule ni mume wa marehemu.

Msimamizi wetu alikuwa ameteremka kutoka kwenye kifusi. Alichimba kuliko wote, kichwa chini, hakumwangalia mtu. Sisi pia tukachimba kama wendawazimu. Na nyuma yangu nikasikia yule afisa akinong'ona, "Endeleeni, endeleeni, msitazame kamera."

Njia ikafunguka. Yule mzee akanirudishia jembe kwa mikono miwili, kama inavyorudishwa mali ya mtu. Pikapu ikapita. Tope lilikuwa limejaa kwenye pindo la kanzu yake, na ndivyo alivyokwenda kumzika mkewe.

Afisa alikuwa na furaha isiyo kifani. Akasema jamii yenyewe imeshiriki, jambo ambalo hata fedha haziwezi kununua. Niliingia nyuma ya kituo, kwenye shimo la kabichi, nikatapika. Huko angalau palifaa.

Filamu ilipokuwa tayari, tuliitwa semina Lushoto, kwenye ukumbi uliopambwa vitambaa vya zambarau. Walikuja wafanyakazi wa matawi mengine pia. Kwenye meza kulikuwa na maji ya chupa na pipi. Msimamizi wetu alikaa mstari wa mbele, amevaa gauni lake la kwaya, kwa sababu baada ya semina alikuwa asaini mkataba mpya. Tulikuwa tumeshinda, ukitazama hivyo. Tulikuwa tumempatia kazi yake.

Taa zikazimwa. Nikaona mabuti yetu mapya. Nikaona mkono wa msimamizi umenyooshwa, na nyuma yake milima, na muziki wa vinanda. Kisha nikaiona kanzu nyeupe. Pikapu walikuwa wameiondoa kwenye filamu. Jeneza halikuonekana, wala matawi, wala yule mama aliyelishika. Alibaki mzee tu, anachimba na jembe langu, na chini yake maandishi makubwa: WANAOTOA ZAIDI.

Afisa akaisimamisha picha hapo hapo. Taa zikawashwa. Akashika kalamu ya ubao.

"Sasa tujadiliane. Mnadhani ni nini kilimsukuma mzee huyu? Hakuajiriwa. Hakulipwa. Nini?"

Mtu wa tawi jingine akasema uongozi bora. Akaandika. Mwingine akasema kutambuliwa. Akaandika. Mwingine akasema motisha, watu wakacheka kidogo, akaandika. Sisi wa Soni tulikuwa tunaangalia pipi zetu. Nilitamani mtu aseme, na niliogopa mtu asije akasema, maana mkataba ulikuwa bado haujasainiwa.

Msimamizi akasimama. Kwa sauti ndogo akasema, na ukumbi mzima ukasikia:

"Alikuwa na maiti ya mkewe kwenye gari. Alikuwa anataka kupita."

Nikafikiri, sasa. Sasa yule kijana ataweka kalamu chini. Nilimtazama usoni na kwa kweli niliona kitu kikipita, kitu kama aibu, kikapita kweli. Kisha akageukia ubao.

"Asante sana, mama. Hilo nalo ni muhimu." Na chini ya neno motisha akaandika: FAMILIA. "Tumpigie makofi."

Wakapiga makofi.

Alisaini. Watu huniuliza kama aliwatupia karatasi, na naona wanavyosikitika nikisema hapana. Aliingia chumba cha pembeni, akasaini, akatoka na nakala yake kwenye mfuko wa rambo. Tulikuwa tunamngoja nje kwenye ngazi, tumechangamka kijinga, tumemnunulia hata soda. Aliipokea soda. Akaishika bila kuifungua.

"Nimesaini, nina wajukuu wanasoma," alisema. "Ila nawaomba kitu kimoja. Msinifanyie tena jambo lolote."

Hakusema kwa hasira. Ilikuwa mara ya kwanza kutuomba kitu tangu tumjue, na tumemtimizia. Saa ya kutoka ikifika, tunavua aproni, tunaning'iniza, tunaondoka. Nafuta meza, sakafu siigusi. Yeye hanigombezi tena kuhusu kilemba. Nikifika ile kona huwa nageuka nyuma mara moja, namwona bado yuko mlangoni, anazoa maganda peke yake, na sirudi.